Mninga wa Rangi, Mche wa Ahadi: Wanunuzi wa Dar Wanauziwa Nini?

Masika yakikolea Dar es Salaam, mafundi seremala huanza kupigiwa simu za aina moja. Mlango wa kabati haufungi. Droo imekwama, na sare za shule za mtoto zimo ndani. Kitanda kilichonunuliwa Januari kinalia kila mtu anapojigeuza, na ubao wa kichwani umeingia ufa wa kupitisha ukucha. Mteja amekasirika kwa sababu aliambiwa ni mninga na akalipa bei ya mninga. Fundi naye hujibu kwamba mbao ndivyo zilivyo, hali ya hewa ikibadilika na zenyewe hubadilika.

Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Mbao zote hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na kwa kufanya hivyo hutanuka na kusinyaa. Lakini mninga ukishakauka ni miongoni mwa miti inayotanuka na kusinyaa kidogo sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya maseremala wetu kuupenda kizazi baada ya kizazi. Kabati la mninga linaloshindwa kufungwa baada ya miezi mitatu lina maelezo mawili tu: ama mbao ziliunganishwa zikiwa bado mbichi, ama si mninga.

Kwa makala haya nimezungumza na watu wa Tabata, Mbagala, Goba na Kigamboni walionunua vitu vya nyumbani na vya bustani: makochi, vitanda, magodoro, miche, udongo. Wengine bado wana uchungu, wengine wanasimulia kwa furaha. Nilitarajia kusikia ule usemi wa kila siku kwamba rahisi ni ghali. Simulizi zao hazikuuunga mkono. Wapo waliopigwa kwa vitu vya bei kubwa, na wapo waliotoa hela kidogo wakapata kitu cha kudumu. Bei haikuwa kigezo. Waliofurahi walikuwa wameuziwa na mtu aliyetamka bila kuzungukazunguka ni kitu gani anauza, na ambaye baada ya kupokea hela aliendelea kupatikana.

Vanishi inavyofunika

Keko, wilayani Temeke, ndiko mtu wa Dar anakoelekezwa akiulizia fenicha. Misumeno hulia kutwa, unga wa mbao hutanda hadi barabarani, na vitanda husimamishwa nje ya karakana vikiwa vimeshapigwa vanishi. Mpita njia huitwa: "Karibu bosi, huu mninga mtupu, wajukuu watakirithi." Jicho linaona rangi ya kahawia yenye wekundu, na moyo unakubali.

Rangi hiyo haithibitishi chochote. Mbao za paina zinazotoka Sao Hill kule Mufindi, kwenye shamba kubwa la miti kuliko yote ya Serikali, zina rangi nyeupe ya kuelekea njano, ni nyepesi, na bei yake iko chini sana ya mninga unaovunwa kwenye misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Ruvuma. Zikipakwa rangi ya mninga kisha vanishi juu yake, mtu asiyezoea hawezi kuzitambua akizitazama kwa mbele. Sina ugomvi na paina. Ikikaushwa vizuri na kuwekwa dawa, inatoa kitanda kizuri ambacho mtoto atakilalia mpaka amalize shule. Ninachokataa ni mtu kutozwa bei ya mninga akapewa paina.

Wanaojua kununua hawasimami mbele ya kitanda. Wanachuchumaa. Wanaangalia chaga, chini ya droo, mgongo wa kabati na uvungu wa meza, sehemu ambazo brashi haikufika. Wanatafuta vifundo, maana paina ina vifundo vya mviringo vilivyotapakaa kwenye ubao. Wananyanyua upande mmoja kupima uzito: ubao mkavu wa mninga huuzidi wa paina wa ukubwa uleule kwa zaidi ya robo, na mkongo ni mzito kuliko yote miwili. Mwisho wanatafuta weupe wa pembezoni. Hata mninga halisi una sehemu ya nje ya shina iliyo nyeupe, na hapo ndipo wadudu watoboaji wanapopenda kuanzia. Unga laini unaokutwa asubuhi chini ya kitanda ni kazi yao. Fundi mwaminifu huikata sehemu hiyo na kuiweka kando. Asiye mwaminifu huipaka rangi ifanane na kiini cha mti.

Mwalimu mmoja wa sekondari anayeishi Tabata alinisimulia ununuzi ambao ningependa uwe desturi ya mji mzima. Aliagiza kitanda cha tano kwa sita cha mkongo. Fundi alichukua advansi ya kununulia mbao, na siku kitanda kilipounganishwa, kabla hakijaguswa na vanishi, alimpigia simu: "Mwalimu, njoo ukione kikiwa kitupu." Mwalimu akaenda, akakipindua. Mguu mmoja ulikuwa na weupe upande wa ndani. Alipouonyesha, fundi hakubisha, aliung'oa akaweka mwingine. Malipo yalikuwa ya awamu tatu: ya mbao, ya kitanda kitupu kilichokubaliwa, na ya mwisho kitanda kilipofika nyumbani na kufungwa. Kimeshahama naye nyumba, kimevuka masika kadhaa, na hakijatoa sauti.

Katika utaratibu huo hakuna aliyeongezewa gharama. Fundi hakuhitaji mashine mpya, na mteja hakuhitaji kuwa mtaalamu wa misitu. Kilichohitajika ni siku moja kati ya kuunganisha na kupiga vanishi, siku ambayo mbao bado zinaonyesha asili yake. Ukiagiza fenicha kwa fundi, omba siku hiyo. Akikataa, au akikupiga chenga mpaka ukute kitu kimeshang'arishwa, chukua advansi yako mapema.

Muuguzi mmoja wa Mbagala hakupata nafasi kama hiyo. Alipenda makochi kwenye ukurasa wa Instagram: ya kijivu, yenye umbo la L, miguu ya rangi ya dhahabu, yamepigwa picha kwenye sebule yenye dirisha refu linaloonyesha mji usio wetu. Picha ilikuwa ya kiwanda cha nje. Makochi yaliyomfikia yalitengenezwa uani na mtu aliyekuwa akiikisia picha ileile. Fremu ilikuwa ya mabanzi yaliyounganishwa kwa misumari, sponji ilikuwa ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa, na ile aliyoambiwa ni ngozi ilikuwa leza, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki. Sponji ilibonyea kabla mwaka haujaisha. Leza ikaanza kubanduka kwenye sehemu za kuegemeza mikono, vipande vidogovidogo vinavyoganda kwenye nguo za wageni. Hicho ndicho kinachoipata leza ya bei nafuu: joto na unyevu hula ule utando wa juu, na Dar ina vyote viwili mwaka mzima. Alipouliza, aliambiwa ameyaweka karibu na dirisha. Alipouliza tena, akablokiwa.

Niligusie hapa suala la MDF na chipbodi, kwa sababu ndizo zinazojaza nyumba za kupanga. Kabati la namna hiyo likikaa palepale lilipofungwa, mbali na maji, hutumika miaka. Adui yake wa kwanza ni tambara la kudekia. Kabati lisilo na miguu hunywa maji ya sakafu kila asubuhi, ukingo wa chini huvimba, karatasi ya juu hupasuka, na hapo hakuna fundi wa kulirudisha. Adui wa pili ni kuhama. Skrubu ikishatolewa kwenye ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, ikirudishwa kwenye tundu lilelile haishiki kama mwanzo. Mpangaji anayehama kila mkataba unapoisha angefanya vizuri kununua kitu kidogo cha mbao kuliko kabati la milango mitano linalopendeza dukani. Wauzaji wanayajua haya yote. Wachache sana huyasema bila kuulizwa.

Mizani haina maneno mengi

Godoro nalo huuzwa kwa maneno matamu, lakini lina siri inayopimika. Ubora wa sponji hutegemea zaidi uzito wake kwa ujazo, ambao viwanda huutaja kwa kilo kwa mita ya ujazo. Godoro la futi tano kwa sita, inchi 8, lina ujazo wa zaidi kidogo ya nusu ya mita ya ujazo. Sponji ya kilo 25 kwa mita ya ujazo italifanya liwe na kilo 14 hivi bila kitambaa. Sponji ya kilo 16 italifanya liwe na kilo 9. Yakisimama pamoja dukani, yamevikwa kitambaa cha maua yaleyale, hakuna jicho litakaloyatenganisha. Mizani itayatenganisha mara moja.

Mama mmoja wa Goba alifanya hivyo hasa. Aliingia dukani, akaomba mizani ya mchele kwa jirani mwenye duka la nafaka, akapima magodoro mawili yaliyodaiwa kuwa na ubora sawa. Muuzaji alicheka mwanzoni. Mizani ilipoonyesha tofauti, aliacha kucheka, akatoa godoro la tatu kutoka stoo na kusema hilo ndilo analowauzia ndugu zake. Lilipimwa, likawa zito kuliko yote mawili, na bei ikabaki ileile. Mama huyo aliongeza jambo moja: apimapo uzito hupima na kimo kwa tepu, kwa kuwa amewahi kuona inchi 8 ya mdomoni ikiwa 7 kwenye tepu.

Tabia hiyohiyo inafaa kwa mtungi wa gesi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, na muuzaji wa rejareja anatakiwa awe na mizani ya kumpimia mteja. Mtungi wa kilo 6 unapaswa kuwa na kilo 6 za gesi juu ya uzito ulioandikwa. Kudai upimiwe si ukorofi, na wala hakuna haja ya kuomba radhi kwa kudai.

Kinachouma zaidi, kwa nilivyosikia, ni kununua bila kujua unanunua kwa nani. Kariakoo mteja hapokelewi na mwenye duka. Hupokelewa na winga, kijana mchangamfu anayejua kila kitu kinapopatikana, anayekuchukua duka hadi duka na kuweka cha juu chake kwenye bei. Mawinga wengi ni watu wema na wanamwokolea mgeni muda mwingi. Tatizo huanza siku ya kurudisha. Ukirudi na birika la umeme lisilochemsha, duka linasema halikuuzii wewe, na winga hayupo. Dawa yake ni ndogo: mwache winga akuongoze, lakini hela mpe mwenye duka, na risiti itoke kwenye mashine ya duka hilo ikiwa na jina lake.

Kwenye mtandao fanya vivyo hivyo. Ukituma hela kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Lisome. Duka linalojiita kampuni huku hela ikienda kwa jina la mtu ambaye hajawahi kutajwa kwenye mazungumzo yenu linastahili swali moja zaidi kabla hujabonyeza. Wauzaji waliosifiwa na watu niliozungumza nao wanakubali kulipwa mzigo ukishafika na kufunguliwa. Dada mmoja wa Kigamboni alipelekewa kioo cha kuvalia kilichopasuka njiani kwenye bodaboda. Alipiga picha mbele ya kijana wa boda, akamtumia muuzaji, na siku iliyofuata akaletewa kingine bila mabishano. Tangu hapo hununua kwa muuzaji huyohuyo pazia, zulia, hadi vyombo vya shoo. Kioo kimoja kimempa yule muuzaji mteja wa miaka.

Kiriba hakisemi kilichomo

Kwenye bustani mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kosa la mche huchelewa kujulikana. Godoro bovu hujidhihirisha ndani ya miezi. Mwembe wa uongo utaumwagilia, utauwekea samadi, utaukinga na mbuzi wa jirani, na miaka ikapita ndipo ujue ulichopanda.

Chukua mfano wa mstaafu mmoja wa Kigamboni. Aliponunua kiwanja alisikia habari za parachichi la Hass na soko lake la nje, akaenda kwa wauza miche wa kandokando ya barabara na kumweleza muuzaji wazi: nataka kupanda Kigamboni. Akauziwa miche kumi ya Hass, yenye afya, iliyobebeshwa kweli. Hakuna aliyemdanganya kuhusu jina. Parachichi hilo lilipata jina kutoka kwa Rudolph Hass, mbeba barua wa California aliyesajili hataza ya mti wake mwaka 1935, na leo ndilo linalotawala biashara ya parachichi duniani. Kwetu linastawi Njombe, Rungwe, Iringa na Kilimanjaro, penye ubaridi wa nyanda za juu. Pwani yenye joto la usiku na mchana si kwake. Miche ya yule mstaafu imeota majani mazuri. Matunda hajayaona.

Muuzaji mwingine, katika Barabara ya Bagamoyo, aliulizwa mche huohuo na mteja kutoka Goba. Yeye aliuliza kwanza kiwanja kiko wapi, udongo ni wa kichanga au mfinyanzi, na maji yanatoka bombani au kisimani. Kisha akasema: "Dada, Hass utanilaumu. Chukua embe, ndimu na stafeli, hizi ni za kwetu." Aliuza miche mitatu mahali alipoweza kuuza kumi ya bei kubwa zaidi. Ndimu zimeshaanza kuzaa. Huyo mteja amewapeleka kwake majirani wa mtaa mzima, na mimi nimewaona wakishusha miche kwenye bajaji.

Kuna vitu vya kuangalia kwa macho. Mche wa embe au chungwa unaosemwa umebebeshwa lazima uwe na kovu kwenye shina, mahali kikonyo kilipounganishwa na mche wa chini. Lisipokuwepo, huo ni mche wa mbegu, na badala ya kusubiri miaka mitatu au minne huenda ukasubiri mara mbili ya hapo, tena bila hakika ya tunda. Likiwepo, tazama majani mapya yanachipua wapi. Chipukizi lililo chini ya kovu ni la mti wa chini, si la aina uliyolipia, na lisipokatwa litaushinda mche wenyewe. Usivutiwe na mche mrefu uliokaa kwenye kiriba kidogo. Mizizi yake imekwisha kujizungusha humo ndani, na hata ukiupanda kwenye shimo kubwa itaendelea kujizungusha.

Papai lina uongo wake maalumu. Wapo wanaouza miche na kuapa kwamba yote ni majike, wakionyesha umbo la jani au la mzizi. Hakuna anayeweza kulijua hilo kwa kutazama kabla papai halijatoa maua. Wakulima wazoefu hupanda miche mitatu kwenye shimo moja, wakasubiri maua, kisha wakaacha mmoja unaofaa. Kwa mnazi mfupi mwekundu, angalia shina la jani: huwa na rangi ya machungwa hata mche ukiwa mdogo. Anayetaka uhakika zaidi aende kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mikocheni kwa minazi, au kwenye kitengo cha bustani cha Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kwa matunda. Kwa mbegu za pakiti, TOSCI, taasisi iliyoundwa kwa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, ina lebo ya kukwangua yenye namba unayoihakiki kwa simu yako.

Udongo haufikiriwi kabisa, na ndio uliowaumiza watu wengi zaidi katika simulizi nilizokusanya. Familia moja ya Goba ilinunua majani ya pemba ya kutosha ua mzima na tripu mbili za udongo mweusi kwa kenta. Ua ulipendeza kwa wiki chache. Kisha kati ya pemba kukachomoza majani membamba, yaliyosimama wima, ya kijani kilichokolea. Ilikuwa ndago. Ndago huishi kwa viazi vidogo vilivyo chini ya ardhi, vimeunganishwa kwa nyuzi. Ukiing'oa juu, viazi hubaki na kuchipua upya, tena kwa wingi. Ua wa familia ile umefukuliwa, na gharama ya kufukua imezidi ya kupanda. Dereva wa kenta aliwaambia yeye ni msafirishaji tu, na aliyechimba udongo hajulikani.

Mtunza bustani mmoja wa Mikocheni alinifundisha kinga ambayo natamani kila anayejenga aijue. Kabla ya kuagiza tripu, chukua ndoo moja ya udongo huo, umwagilie, uweke juani wiki mbili. Kama una ndago, itajitokeza yenyewe ndani ya ndoo. Muuzaji anayejiamini hatakataa kukupa ndoo moja.

Karatasi ya ukutani

Madukani kwetu kuna tangazo lililoenea kuliko bei: bidhaa ikishauzwa haitarudishwa. Limechapwa kwenye risiti, limebandikwa ukutani, na wanunuzi wengi wanaliamini kuwa ndiyo sheria ya nchi. Baadhi ya watu niliozungumza nao walisema hawakurudi kudai kwa sababu walilisoma.

Sheria inasema mengine. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyotungwa enzi za ukoloni kwa kufuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Kilichouzwa kwa kuonyesha sampuli lazima kilingane na sampuli. Na mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo anachotaka kufanyia, akategemea ujuzi wake, kitu lazima kifae kwa kazi hiyo. Kitanda kilichoitwa mninga kiwe mninga. Mstaafu wa Kigamboni, aliyetaja anakopanda, alikuwa na hoja yenye nguvu kuliko alivyodhani. Sheria hiyohiyo ina upande wa pili ambao mnunuzi asiusahau: ukikikagua kitu kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo chuchumaa, na ukishachuchumaa, tazama kweli.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Bidhaa isiyokidhi viwango ni suala la Shirika la Viwango, TBS, na kipimo pungufu ni la Wakala wa Vipimo. Ujumbe wa utapeli wa simu, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unatumwa namba 15040. Jirani zetu wa Kenya wamefika mbali zaidi: Ibara ya 46 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili. Sisi haki zetu ziko kwenye sheria za kawaida, nazo zinatosha kumsaidia mtu aliyetunza ushahidi.

Ushahidi ndio unaopungua. Yule muuguzi alikuwa na picha ya makochi na namba ya simu tu. Hakuwa na risiti, anwani, wala jina. Mwalimu wa Tabata, kwa kitanda ambacho hakikumletea shida yoyote, ana karatasi ya daftari yenye sahihi mbili: aina ya mbao, vipimo, bei, advansi, tarehe ya kukabidhi, na kwamba ufa ukitokea ndani ya mwaka fundi atarekebisha bila malipo. Fundi ndiye aliyeiandika. Karatasi hiyo ingekubalika mezani kwa FCC na mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, na bila shaka ndiyo sababu haijahitajika kufika huko.

Mafundi nao wana malalamiko, na ni ya haki. Watu huagiza kabati la vipimo vya ukuta wao, wakatoa advansi ndogo, kisha wakapotea, na kabati la ukuta wa mtu haliuziki kwa mwingine. Wengine huja na picha ya kitanda cha mninga na bajeti ya paina, na fundi anayewaambia ukweli huonekana ghali. Wanavuka barabara kwenda kwa anayesema inawezekana. Huko ndiko uongo unakopata soko. Fundi mmoja wa Keko aliniambia amepoteza kazi nyingi zaidi kwa kutaja jina halisi la mbao kuliko kwa sababu nyingine yoyote, na nilimwamini, kwa kuwa nimewasikia wateja wenyewe wakijivunia bei walizozipata.

Ndiyo maana sidhani mnunuzi peke yake, hata akichuchumaa mara mia, ataumaliza mchezo huu. Mbao halali zikitoka msituni husafiri na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, inayoonyesha aina ya mti na kiasi. Kwenye kizuizi cha barabarani ofisa huisoma na kuilinganisha na mzigo. Jina la mti linajulikana Tabora, linajulikana njiani, linajulikana hadi lori linapoingia yadi ya mbao Dar es Salaam. Linapotelea kati ya yadi na karakana, kwenye umbali ambao mtu anautembea kwa miguu. TBS, FCC na TFS wakikaa meza moja wanaweza kudai kila kitanda, meza na kabati linalouzwa liwe na kibandiko chenye aina ya mbao na jina la karakana, kama shati linavyotaja kitambaa chake. Fundi wa Keko anayesema ukweli angekuwa wa kwanza kukibandika.